Sweta ya Kumkamulia Natalie

Kihara wa Dundori alikuwa mtu wa mambo mawili: viazi na msimamo. Viazi vilimletea chakula, msimamo ukamletea matatizo, na kama ungemwuliza angependa kupunguza kipi, angekujibu kwamba mbegu siku hizi ni ghali, afadhali apunguze viazi.

Msimamo wake mkubwa kuliko yote ulijulikana kuanzia kituo cha maziwa hadi kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa na msoma matangazo, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Aliapa, mbele ya mkewe na mbele ya sufuria ya chai, kwamba hatatia guu tena katika shule ya kutwa aliyosoma binti yao Jackie, aliyekuwa kidato cha tatu.

"Labda nipelekwe nikiwa maiti," alisema. "Na hata hapo nitageuka niangalie upande ule mwingine."

"Maiti hazigeuki," akajibu mkewe, Wanjugu, akimimina chai. "Kunywa, inapoa."

Kisa kilianzia kwenye mkutano wa wazazi. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Cherono, mama wa makamo mwenye asili ya upande wa Bomet na miwani inayoshuka puani kila akikasirika, alikuwa mteja wa Kihara. Kila jioni jagi lake lilijazwa maziwa nyumbani kwa Kihara, na kila jioni walibishana kuhusu mvua kama marafiki. Siku ya mkutano Madam alisimama kuwasema wanafunzi wanaokosa shule na kurudi na visingizio vya kila rangi.

"Kuna wazazi wanatia maji kwa maziwa," akasema, "na watoto wao wanatia maji kwa ukweli. Ni mkono ule ule."

Watu wakacheka. Sasa, kicheko cha Dundori huwa na mwelekeo. Watu hawacheki hewani, wanacheka wakimwangalia mtu. Siku hiyo macho yote yalimwangukia Kihara, kwanza kwa sababu alikuwa benchi la mbele, na pili kwa sababu kila muuza maziwa mle ndani aliwahi kumwangalia mwenzake kabla hajaangaliwa yeye. Kihara akainuka, akavaa kofia, akatoka. Alitoka kwa heshima kubwa sana hata akasahau mwavuli wake. Mwavuli ukabaki ofisini mwa walimu, na kwa kuwa kuufuata kungevunja kiapo, tangu hapo mvua ya Dundori, isiyojua habari za kiapo, ilimpiga kila ilipomkuta. Jagi la Madam nalo likakoma kuja.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi Jackie amalize shule, kwa maana Wanjugu ndiye aliyekuwa mzazi wa mikutano na Kihara mzazi wa kusimulia alivyokosewa. Lakini binti yao mkubwa, Becky, akajifungua mapacha kule Section 58, mjini Nakuru. Wanjugu akafunga leso zake na gunia dogo la njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi nguvu, akateremka kwenda kumlea mzazi. Nyumba akamwachia Kihara. Ng'ombe akamwachia Jackie.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Natalie. Jina alipewa na Becky zamani, kutokana na mwanamke mmoja wa mchezo wa runinga aliyekuwa akiachwa na mume kila jioni, na ukimwangalia huyo ng'ombe usoni ungeelewa kwa nini jina lilimkaa. Alikuwa na macho makubwa yenye lawama. Maziwa alikuwa nayo tele, lakini aliyatoa kwa watu aliowachagua mwenyewe, na Kihara hakuwamo. Enzi za ujana wake, Natalie alipokatwa pembe, aliyemshika kichwa alikuwa Kihara. Daktari wa mifugo alimsamehe. Kamba pia aliisamehe. Kihara hakumsamehe kamwe. Akipita tu karibu na zizi akiwa na ndoo, Natalie aliinua mguu wa nyuma taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

Kwa hiyo Jackie ndiye aliyekamua, na alikamua akiwa amevaa sweta yake kuukuu ya kidato cha kwanza, kwa sababu alfajiri ya Dundori haina adabu, inaingia hadi mfupani bila hodi. Natalie akaizoea ile sweta. Jackie akiingia zizini akiwa nayo, maziwa yalishuka bila mabishano. Akiingia bila sweta, Natalie alimwangalia kana kwamba wamekutana kituo cha polisi.

Kukamua kukiisha, Jackie alisubiri Kabiru, kijana wa pikipiki anayekusanya maziwa ya kijiji, kisha akateremka kilima mbio, viatu mkononi kama kuna matope. Siku nzuri aliwakuta wenzake wakiimba wimbo wa taifa. Siku mbaya aliwakuta kipindi cha kwanza kimeisha. Na siku Natalie alipoamka na huzuni zake akaficha maziwa hadi jua likapanda, Jackie hakwenda kabisa. Alirudi ndani, akavua soksi, akaanza kumenya viazi.

Kihara aliyaona hayo yote. Lakini alikuwa na maelezo tayari, maana mtu wa msimamo hakosi maelezo. Mtoto wa mkulima hukomaa hivyo, alijiambia. Na shule inayotukana watu hadharani, ikikosa mwanafunzi siku mbili tatu, nayo inajifunza nidhamu. Madam alipotuma ujumbe kupitia kwa Jackie kwamba mzazi afike, Kihara alimtuma Jackie arudishe ujumbe kwamba mzazi yuko shambani. Madam akatuma kuuliza hilo shamba linalimwa kwa kijiko au nini. Kihara akatuma jibu ambalo Jackie, kwa kujali maisha yake, hakulifikisha.

Jumapili moja baada ya kanisa, Jackie alimwekea baba yake chakula mezani, halafu hakuondoka. Alibaki amesimama hapo, mikono ameifumbata mbele.

"Baba."

"Mm."

"Madam amesema kesho nikichelewa nisiingie geti. Nirudi nyumbani mpaka mzazi akuje na yeye."

"Anatisha tu. Mama yako akirudi ataenda."

"Mama atarudi mapacha wakikaza shingo. Na wewe umeapa. Sasa mimi nitakaa hapa mpaka lini, Baba? Mpaka nizeeke na Natalie?"

Kihara akatafuna kiazi polepole. "Mwambie huyo Madam wako..."

"Simwambii!" Jackie aliruka juu. Hata yeye alishtuka na sauti yake, akaishusha. "Simwambii tena. Nyinyi wawili mko kama wale wazee wawili wa kanisa hawasalimiani lakini wanatumiana salamu na watoto. Madam akisema, nabeba naleta. Wewe ukisema, nabeba narudisha. Mimi si nduthi ya Kabiru, Baba. Na hata nduthi huwekewa mafuta."

Kihara alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alikuwa na jibu la Madam, jibu la mwalimu mkuu, na jibu refu la waziri wa elimu iwapo angepita Dundori. Jibu la mtoto anayekataa kuwa nduthi hakuwa nalo. Alimwangalia Jackie, akaona mkono wa kulia umepasuka ngozi kwa maji baridi, akaona kidole kina wino na mafuta ya kukamulia pamoja. Akaweka kiazi chini.

Njia zilikuwa mbili. Ama aende shuleni akamkabili Madam, ama amzuie Jackie kuchelewa, na kumzuia Jackie kuchelewa kulimaanisha kumkabili Natalie. Akapima. Natalie ana miguu minne na kinyongo cha miaka. Madam ana miwani. Akaamua kwamba ng'ombe ni rahisi zaidi.

"Kesho utaenda shule mapema," akatangaza kwa sauti ya kanisani. "Natalie nitamkamua mimi."

Jackie alicheka hadi akashikilia meza. "Baba! Aki Natalie atakuua. Tutasema nini kwa matangazo? Na nani atayasoma?"

Jioni hiyo Kihara alitoka nje, akapanda juu ya jiwe mahali simu inaposhika vizuri, akampigia mkewe. Upande wa pili pacha mmoja alikuwa analia, na mwingine anasubiri zamu.

"Nikikamua huyu ng'ombe wako nifanye nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki.

"Vaa sweta ya Jackie," akasema Wanjugu bila hata kufikiri. "Na ile skafu yake ya maua. Na usiongee. Natalie akisikia sauti yako ataficha mpaka Krismasi."

"Sweta ya msichana? Mimi? Mzee wa kanisa?"

"Si wewe mwenyewe uliniambia? Baba yako akianza kazi kwa shamba la mzungu, si alipewa ng'ombe pamoja na koti ya yule mkamuaji wa kwanza? Akaivaa mpaka ikaisha mikono."

"Hiyo ilikuwa koti ya mwanaume."

"Na Natalie anajua?"

Kihara akasema netiwaki ni mbaya, akakata. Netiwaki ilikuwa nzuri kama nini, hata pacha wa pili alisikika akianza.

Kulipokucha Jumatatu, ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba na manyunyu yanadondoka. Jackie aliondoka mapema kuliko kuku. Kabla ya kwenda alitundika sweta kuukuu kwenye msumari mlangoni mwa zizi, na skafu juu yake, akamwangalia baba yake mara mbili kama mtu anayemwacha mtoto peke yake na kiberiti. Halafu akashika njia ya shule, akitembea kama wanavyotembea watu wasiochelewa.

Kihara aliingia zizini kwa mara ya kwanza kama Kihara. Kofia, buti, na wimbo wa tenzi kwa sauti ya chini, maana alikuwa amesikia kwamba Jackie humwimbia. Natalie alisikiliza ubeti mmoja. Kwenye kiitikio akapiga ndoo teke, ikaenda kuangukia kwenye majani ya nepia. Kihara akaifuata. Akarudi kimya. Akapaka mafuta, akashika chuchu, akavuta. Halikutoka hata tone la kumpa paka. Natalie alikuwa anatafuna na kutazama ukuta, ametulia kama karani wa ofisi wakati wa chai.

Mzee akatazama msumari. Akatazama nje. Palikuwa na ukungu tu, na jogoo mmoja, na huyo jogoo hakuwa muumini. Akapiga moyo konde, akavua kofia, akaitwaa sweta.

Kuingia iliingia, lakini kwa mabishano. Mikono ilikomea kwenye viwiko. Nembo ya shule, yenye maneno *Bidii na Heshima*, ilimkaa kifuani ikiwa imevutika hivi kwamba bidii ilikuwa kwapa moja na heshima kwapa lingine. Tumbo lilibaki nje likijitegemea. Akafunga skafu ya maua ya waridi chini ya kidevu, akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akafumba macho.

Natalie aligeuza shingo. Akanusa bega la sweta. Akanusa tena. Alifikiri jambo hilo kwa kina, kwa sababu huyu Jackie wa leo alikuwa mpana isivyo kawaida. Kisha akashusha pumzi ndefu ya mwanamke aliyechoka kubishana, na maziwa yakashuka.

Yakagonga ndoo mfululizo. Kihara hakuthubutu hata kukohoa. Magoti yalianza kuuma, vidole vikafa ganzi, maji ya paa yakawa yanamdondokea shingoni tone baada ya tone mahali pale pale, kama yamepewa anwani. Akawaza kwamba huyu mtoto hufanya hivi kila alfajiri, halafu anaulizwa hesabu. Yeye mwenyewe wakati huo usingeweza kumwuliza hata jina lake.

Ndoo ilikuwa imefika nusu aliposikia nyayo kwenye matope, na mwavuli ukifungwa.

"Jackie!"

Ilikuwa sauti ya Madam Cherono.

"Nilijua nitakupata hapa. Shule inafunguliwa na wewe uko na ng'ombe. Usigeuke! Endelea kukamua, utamkatiza. Mimi nimelelewa na ng'ombe, najua. Sikiliza tu."

Kihara akawa ng'ombe wa pili. Akigeuka, aibu. Akifungua mdomo, Natalie ataisikia sauti ya siku ile ya pembe, na maziwa na ndoo na labda goti moja vitakwenda. Akainamisha skafu zaidi, akaendelea kuvuta.

"Na umenenepa, msichana wangu," Madam akaendelea kutoka mlangoni, akifuta ukungu kwenye miwani kwa ncha ya leso. "Sweta imekushinda. Angalau kwenu mnakula. Sasa, mimi sikukuja kukupiga kelele. Nilikaa jana nikafikiri, kama mlima umekataa kuja kwa mkutano, wacha mimi nipande mlima. Baba yako amelala?"

Skafu ikatikisika kidogo, namna ya kutokubali wala kukataa.

"Wacha alale. Nimemletea mwavuli wake, utampatia. Mwambie ni mimi nimekuwa nikiutumia, ndio maana umetoboka. Na yale maneno ya maziwa, mwambie sikuwa namsema yeye. Nilikuwa namsema mtu alikuwa amekaa nyuma yake kabisa. Na huyo ndiye alicheka kushinda wote! Ningemweleza baba yako siku hiyo hiyo, lakini alitoka kama mtu ameitwa na moto. Nikasema, haya, akirudi kuchukua mwavuli nitamwambia. Nikangoja. Kumbe kuna mtu anaweza kunyeshewa msimu mzima kwa sababu ya kichwa ngumu! Na mimi pia nina kichwa. Nikasema, si akuje yeye. Tangu hapo nakunywa ile ya paketi, na kiungulia ninacho mpaka leo."

Natalie akapiga mkia, ukamchapa Kihara usoni.

"Wewe Jackie ni mtu wa bayolojia kushinda hao wote. Lakini dawati lako likiwa tupu, mimi siwezi kulifundisha." Hapo Madam akashusha sauti. "Unajua baba yangu hakuwahi kuja shule yangu? Hata mara moja. Alikuwa na ng'ombe wengi, na kila ng'ombe alikuwa na sababu. Siku ya zawadi niliitwa mbele, watu wanapiga makofi, mimi naangalia geti. Mpaka leo nikisema mtoto alete mzazi, wakati mwingine sijui kama naita wa mtoto ama naita wangu."

Mvua ikasikika juu ya mabati. Kihara aliona ndoo imeanza kuwa na ukungu, akajiambia ni mkia wa Natalie, umemwingia machoni. Ng'ombe husingiziwa mengi.

"Jackie? Kwani uko na homa? Mbona hunijibu?"

Nyayo zikasogea. Ndoo ilikuwa imejaa, na chuchu zimeanza kulegea. Hakukuwa na pa kujificha tena isipokuwa chini ya ng'ombe. Kihara akainua kichwa.

"Habari ya asubuhi, Madam," akasema.

Ile sauti ya matangazo, ndani ya zizi dogo, ilikuwa kama ngoma. Natalie akaruka. Mguu ukapaa, Kihara akaanguka kwa makalio, na ndoo ingekuwa historia kama Madam Cherono asingekuwa mtoto wa ng'ombe wengi. Alitupa mwavuli, akaweka bega ubavuni mwa Natalie, akamwambia neno moja la kwao, chini chini, huku mkono wake mwingine ukinyakua ndoo. Natalie akatulia. Hata hakufikiri.

Madam akageuka. Akasukuma miwani juu. Miwani ikashuka tena yenyewe.

"Mzee Kihara."

"Madam."

"Hiyo ni yunifomu ya shule yangu."

"Ni ya kazi tu."

"Na soksi ziko wapi?"

Kihara alijaribu kukasirika, akashindwa, kwa sababu ni vigumu kukasirika ukiwa na skafu ya maua. Kicheko kilimtoka kwanza puani, halafu tumboni, na tumbo lilikuwa nje, kwa hiyo lilionekana likicheka. Madam naye alishikilia nguzo ya zizi akicheka hadi akavua miwani kabisa.

"Jackie yuko wapi?" akauliza alipopata pumzi.

"Shule. Ameenda kabla hata kuku hawajaamka."

"Ameenda? Shule?"

"Si ndiyo ulitaka?"

Na kama imesubiri hapo tu, kengele ya shule ikalia chini ya kilima, ndani ya ukungu. Madam akakatiza kicheko katikati.

"Mungu wangu. Mimi ndiye hufunga geti."

"Leo itafungwa na nani?"

"Kimeli, bawabu. Na nilimwambia..." Akasita. "Nilimwambia asifungulie mtu amechelewa bila mzazi. Nilimwambia hata kama ni mimi."

"Ulisema hivyo?"

"Ni maneno ya kusema, Mzee! Nani alijua?"

Kabiru akafika wakati huo huo na pikipiki yake, mitungi ya maziwa ikining'inia kila upande. "Sasa, Jack..." akaanza, kisha akaona ndevu. Akamwangalia Madam, akaiangalia sweta, akapima maziwa kimya kimya kama mtu aliye msibani. Madam alimwuliza kama anaweza kumfikisha shule. Kabiru akasema samahani mathe, imejaa, akaondoka akiwa ameuma midomo. Alifika kona ya kwanza ndipo kicheko chake kikasikika, na kilishuka nacho kilima chote.

Kihara akavua skafu, akavaa kofia yake, akaokota mwavuli.

"Twende," akasema.

"Wapi? Si umeapa?"

"Niliapa sitatia guu pale kwa mambo ya Jackie. Leo Jackie hana makosa, amefika mapema." Akafungua mwavuli. Kweli ulikuwa umetoboka. "Aliyechelewa ni wewe. Utaingia aje bila mzazi?"

Madam akasukuma miwani juu. Akaingia chini ya mwavuli.

Njia nzima walibishana. Walibishana kuhusu mvua, wakabishana kuhusu nani alikuwa amekaa nyuma ya Kihara mkutanoni, na Madam alipokataa kumtaja Kihara akayataja majina ya nusu ya kijiji akimwangalia usoni kwa kila jina. Walibishana hata Kihara akasahau kabisa kwamba bado amevaa sweta.

Kimeli alikuwa amesimama ndani ya geti lililofungwa, kifua mbele, kijiti kwapani. Alimwona Madam. Alimwona Mzee. Aliiona sweta. Kwa mtu aliyekaa geti hilo muda mrefu akisubiri asubuhi moja ya maana, hii ndiyo ilikuwa yenyewe.

"Madam, sheria ni yako," akasema.

"Najua, Kimeli."

"Umechelewa."

"Najua."

"Na huyu wa sweta ni wa kidato gani?"

"Mimi ni mzazi," akasema Kihara.

"Mzazi wa nani?"

"Wa huyu." Akamwelekezea Madam kidole gumba, kwa ile sauti ya matangazo iliyofika hadi kwenye bendera. "Nimemleta. Amesema hatarudia."

Kimeli akamgeukia Madam, na Madam, naibu wa mwalimu mkuu, mwenye kuogopwa kuanzia kidato cha kwanza hadi jikoni, akainamisha kichwa. "Sitarudia," akasema.

Geti likafunguliwa. Kihara akatazama mstari pale chini ambapo njia ya watu wote inakuwa uwanja wa shule. Akauvuka kwa buti lenye samadi.

Wanafunzi walikuwa bado wamejipanga mbele ya bendera. Kimya kilianza mbele, kikasambaa nyuma, kisha minong'ono ikarudi nyuma hadi mbele. Katikati ya mstari wa kidato cha tatu Jackie alikuwa amesimama, sweta yake mpya imenyooka, soksi zimevutwa juu, amefika kabla ya mtu yeyote. Alimwona baba yake anavuka uwanja chini ya mwavuli uliotoboka, *Bidii* kwapa hili na *Heshima* kwapa lile. Akafunika uso kwa mikono miwili. Kisha akatenganisha vidole, akachungulia.

Kihara akampungia mkono. Mkono wa sweta ukapanda hadi begani.

"We Jackie," akanong'ona msichana aliyesimama nyuma yake, kwa mnong'ono uliofika hadi kwa mwenye kupungiwa na mwenye kupunga. "Si huyo ni buda yako?"

Jackie alishusha mikono. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa kuzuia kicheko.

"Wangu?" akasema. "Huyo ni wa Madam."

Na Kihara, aliyeondoka shule ile kwa sababu watu walicheka wakimwangalia, alisimama pale katikati ya uwanja, shule nzima ikicheka na kumwangalia, akatafuta mahali pa kukaa.

"Mbele hapa kuna kiti, Mzee," Madam akamwambia.

"Hapana," akasema Kihara. "Leo nitakaa nyuma kabisa. Nataka nione nani anacheka."